Bati, Jasho na Chandarua

Karibu na tarehe 20 Oktoba kila mwaka, jua la saa sita mchana hupita juu kabisa ya utosi wa mtu aliyesimama Nachingwea au Ruangwa. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi ziko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua likielekea kusini linazipitia Oktoba, na likirudi kaskazini linazipitia tena Februari. Februari kuna mawingu na mvua za kulizuia. Oktoba hakuna. Mvua za huku ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na jua linapofika utosini ardhi ina miezi mitano au zaidi bila mvua ya maana. Nyasi zimeungua, udongo uko wazi, na paa la nyumba linabeba jua lote peke yake.

Miezi hiyohiyo ndiyo korosho zinaokotwa. Minada ya stakabadhi ghalani inaanza, pesa inaingia, na katika nyumba nyingi kitu cha kwanza kununuliwa ni bati. Msimu wa 2017/18, bei mnadani ilipopita shilingi 3,500 kwa kilo, paa za nyasi zilipungua vijijini kwa kasi ambayo mpita njia aliiona kwa macho. Siwezi kumlaumu hata mmoja aliyeezeka. Paa la nyasi huungua, huvuja, hufuga nge na nyoka, na kila baada ya miaka michache linadai nyasi mpya, wakati nyasi nzuri za kuezekea zinazidi kuwa mbali kwa sababu ya moto wa kila kiangazi. Bati linakinga maji ya mvua ya kunywa. Bati ni heshima.

Lakini nyasi zilikuwa zikifanya kazi moja kimyakimya: zilizuia joto. Tabaka nene la nyasi limejaa hewa iliyotulia, na joto la jua hupita humo kwa shida. Bati halizuii chochote. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu ya mwanga, lakini lile joto linalolimeza hulitoa kwa shida, na likishika kutu humeza zaidi. Saa saba mchana bati tupu hupita nyuzi 60 bila tatizo, na mtu aliyeketi chini yake anachomwa kutoka juu hata kama hewa iliyo puani mwake ni nyuzi 33 tu. Yule aliyejenga nyumba bora kwa jasho la mikorosho yake anajikuta mchana hawezi kuingia ndani, na usiku hawezi kulala.

Sura hii inahusu usiku huo hasa, kwa sababu katika nchi yenye malaria joto la chumbani linavuka mipaka ya starehe. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikusanya majibu ya watu waliokuwa na chandarua lakini hawakulala ndani yake. Joto na kukosa raha vilikuwa mbele ya sababu zote. Lindi na Mtwara zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania. Vyandarua vimegawiwa, wauguzi wamehimiza, redio zimesema. Lakini pita mtaani Nachingwea saa nne usiku mwezi wa Novemba uone: watu wapo barazani, watoto wamelala kwenye mikeka nje, na mama ametoa godoro mlangoni. Ndani, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Familia hii inajua vizuri kabisa mbu analeta nini. Imeshindwa na chumba.

Ili kuelewa chumba kinavyoshinda watu, tuanze na mwili. Binadamu hukaa nyuzi 37 ndani, na joto lote analotengeneza kwa kula na kufanya kazi lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto linatoka lenyewe. Hewa ikikaribia nyuzi 35, ambayo ndiyo joto la ngozi yenyewe, mlango huo unafungwa, na kinachobaki ni jasho. Jasho hupoza pale tu linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoka na joto linalotosha kuchemsha lita 7 hivi za maji ya kisimani. Jasho linalodondoka sakafuni halijaondoa kitu. Mwili umepoteza maji na chumvi bure.

Ndiyo maana nyuzi 32 za Oktoba na nyuzi 32 za Februari si joto moja. Oktoba hewa ya huku bara ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, midomo inapasuka, na ukikaa chini ya mwembe wenye upepo unapata nafuu ya kweli. Februari hewa imeshiba maji. Unakaa kivulini palepale na shati linakunatia mgongoni. Mtu wa Lindi mjini, penye bahari, anaishi na hiyo hali ya pili karibu mwaka mzima, na usiku wake haupoi sana. Nachingwea, iliyo mamia ya mita juu ya usawa wa bahari na mbali na pwani, ina bahati ambayo wenyeji wengi hawaitumii: kiangazi usiku unapoa vizuri. Baridi ipo nje ya dirisha. Kazi ni kuiingiza ndani na kuizuia isitoke mchana.

Kutokana na hapo unapata kanuni mbili zinazopingana, kila moja kwa msimu wake. Kiangazi, nyumba ya tofali za kuchoma ifunguliwe usiku kucha na alfajiri, kisha madirisha na mapazia yafungwe kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka jua linapozama. Wengi hufanya kinyume. Asubuhi wanafagia na kufungua kila kitu “hewa iingie”, nayo hewa inayoingia saa saba ni ya moto kuliko iliyokuwamo. Masika kanuni inageuka. Mchana na usiku havitofautiani sana, maji yamejaa hewani, na nyumba iliyofungwa inakusanya unyevu wa wanaolala humo. Hapo fungua muda wote, upepo upite kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa sababu dawa pekee ya jasho lisilokauka ni hewa inayotembea.

Neno “fungua usiku” ni rahisi kuliandika. Kufungua usiku ni kukaribisha mbu na mwizi. Kwa hiyo nondo na wavu wa mbu ni vyombo vya kupoza nyumba, na havistahili kuachwa kama urembo wa mwisho pesa ikibaki. Wavu nao hupunguza upepo, hivyo dirisha lenye wavu linatakiwa liwe kubwa zaidi. Hapa nina ugomvi na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanayopendwa siku hizi: ukilifungua lote, nusu bado imezibwa na kioo. Dirisha la mbao la mabawa mawili, ambalo fundi seremala wa Ruangwa analitengeneza kwa mbao za hapohapo, linafunguka lote, na likifungwa mchana halipitishi jua. Kioo kinapitisha.

Turudi juu, kwa maana pale jua linapopita utosini kuta za nyumba zinapata kidogo na paa linapata yote. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu, lipe paa. Dari ndiyo kinga ya kwanza, iwe ya jipsam, ya mbao, ya mianzi iliyosukwa au hata ya mkeka mzito, kwa sababu inasimama kati ya bati la nyuzi 60 na kichwa cha mtu. Ila dari iliyofungwa kila upande huweka joto juu ya kitanda, na joto hilo hushuka taratibu jioni, saa ileile watoto wanapolala. Lazima hewa ya darini itoke. Hapo ndipo mazungumzo ya mwenye nyumba na fundi hukwama, na mara nyingi huwa hivi:

“Fundi, huku juu kwenye pembetatu ya ukuta niachie matundu, upande huu na ule.”

“Mama, ukiacha matundu popo watahamia. Mwenyewe utakuja kuniita niyazibe.”

“Basi weka wavu wa chuma kwa ndani.”

“Wavu huo hatukuupigia hesabu, mama.”

Fundi ana hoja. Popo wakiingia darini hawatoki, na harufu yake haivumiliki. Lakini wavu wa chuma wa matundu mawili ni pesa ndogo mno ukiulinganisha na bati lenyewe, na ungekuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo kama kila mtu anayejenga angejua kazi yake. Matundu hayo yawe juu kabisa karibu na ncha ya paa, pande mbili zinazotazamana, na mengine madogo chini kwenye upenu. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na ya ubaridi huvutwa kutoka chini.

Kuna jaribio lililofanywa Gambia, Afrika Magharibi, na kuchapishwa mwaka 2018, linalostahili kusimuliwa kwa mafundi wetu. Watafiti walijenga nyumba za majaribio, nyingine za nyasi na nyingine za bati, wakabadilisha upenu na milango, kisha wakahesabu mbu na kupima joto na unyevu. Kuziba upenu wa nyumba ya nyasi kulipunguza mbu. Kuziba upenu wa nyumba ya bati kuliifanya iwe ya moto zaidi, na mbu waliendelea kuingia kwa kupenya milango isiyoziba vizuri. Walipoweka milango ya wavu iliyokaa sawasawa na kuipa nyumba ya bati njia ya kupitisha hewa, ubaridi wake ulikaribia ule wa nyumba ya nyasi. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kubaki na bati lake na kulala chini ya chandarua chake, mradi hewa iwe na njia yenye wavu.

Karibu na kwetu zaidi, katika vijiji vya Mkoa wa Mtwara, watafiti na wasanifu walijenga nyumba 110 za muundo mpya na kuzigawa kwa bahati nasibu, ili kulinganisha afya ya watoto wanaokaa humo na ya watoto wa nyumba za kawaida. Ni za ghorofa mbili. Chumba cha kulala kiko juu, ambako upepo ni mwingi na mbu, anayependa kuruka chinichini, hafiki kirahisi. Sehemu kubwa ya kuta za juu ni wavu wa kivuli unaopitisha hewa. Sitarajii kila mkulima wa Nachingwea ajenge ghorofa. Funzo ninalolichukua kwao ni kwamba chumba cha kulala ndicho kilichopewa hewa bora ya nyumba nzima. Huku kwetu sebule ndiyo yenye madirisha makubwa ya kutazama barabara, na chumba cha watoto kinapewa kidirisha kimoja nyuma.

Kuta nazo zina saa zake. Ukuta wa tofali nzima, sentimita 23 hivi, huchukua saa 6 hadi 8 kulipitisha joto kutoka nje mpaka ndani. Hesabu mwenyewe: jua la saa tisa alasiri linaloupiga ukuta wa magharibi linafika upande wa ndani kati ya saa tatu na saa tano usiku. Kitanda kilichoegemezwa ukuta huo kimeegemezwa tanuri. Bati lenyewe, kwa wembamba wake, hupoa haraka baada ya magharibi. Anayewatesa watu usiku ni ukuta wa magharibi, pamoja na hewa iliyofungwa darini. Hamisha kitanda kwanza, ni bure. Kisha ukinge ukuta huo kwa upenu mrefu, kwa kibaraza, kwa mti, au hata kwa jamvi la mianzi lililoning'inizwa kiangazi.

Nyumba iliyolala vizuri kwa jua la huku ni ile yenye pande ndefu zinazotazama kaskazini na kusini, na pande fupi mashariki na magharibi. Tatizo ni kwamba viwanja vyetu vinatazama barabara. Vijiji vingi vya sasa vilipangwa kwa mistari wakati wa operesheni za kuhamia vijijini, hasa kati ya 1973 na 1976, na nyumba zikaelekezwa njia bila kuuliza jua wala upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki sehemu kubwa ya kiangazi. Mgawanyo wa viwanja mijini unaendelea vilevile. Asiyeweza kugeuza nyumba anaweza angalau kupanga vyumba: stoo, choo na ngazi upande wa magharibi, vyumba vya kulala upande wa kusi.

Unyevu ni adui anayekaa kimya zaidi. Mtu mmoja aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, na familia ya watu watano katika usiku mmoja inaweza kuacha chumbani lita moja na nusu au zaidi. Juni na Julai, wakati wa kipupwe, watu hufunga madirisha, mvuke unapanda hadi kwenye bati lililopoa usiku, na alfajiri linadondosha matone juu ya vitanda. Wengi hudhani paa linavuja na kumwita fundi. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 muda mrefu, ukungu mweusi huota kwenye pembe za kuta, na mwenye pumu ataujua kabla hajauona. Chumba hichohicho kisichopitisha hewa ndicho kinachowasogeza wadudu wa kifua kikuu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Na jiko la kuni likiwa ndani ya nyumba, moshi unakuja juu ya yote hayo. Lihamishiwe nje au lipewe chumba chake chenye tundu la juu, huku tukisubiri mkakati wa taifa wa nishati safi wa 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ufike vijijini kwa bei inayolipika.

Halafu kuna chakula. Nchi hii ni nchi ya karanga. Waingereza waliposafisha misitu ya Nachingwea kwa matrekta baada ya 1947 na kuleta reli kutoka pwani, walitaka karanga; mpango ukavunjwa 1951, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, na wakulima wadogo wakaendelea kulima karanga zao kama walivyokuwa wakilima. Karanga hizo na mahindi huwekwa wapi? Mara nyingi chumbani, kwenye magunia kando ya kitanda, kwa hofu ya wezi. Pumzi za usiku zinaingia kwenye nafaka, na nafaka iliyovunwa mbichi inaongeza unyevu chumbani. Hapo ndipo kuvu wa sumukuvu hupata makazi. Sumu yake haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya.

Kuna kipimo cha chumvi ambacho kila nyumba inaweza kukifanya. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi mpaka robo au theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kikaangoni, funga kifuniko, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Itazame. Chumvi ikiwa imenata kwenye kuta za chupa kama vumbi, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi juani juu ya turubai. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekauka vya kutosha. Yapangwe juu ya vichaga, mbali na ukuta, na kama inawezekana nje ya chumba cha kulala.

Umeme umefika vijiji vingi, na feni imekuja nao. Feni haipozi chumba. Inamkausha mtu jasho, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kuchoma uniti. Upepo wa mita moja kwa sekunde unampa aliyelala nafuu ya kama nyuzi 2 au 3, na feni ya wati 60 ikikesha saa 8 haimalizi hata uniti moja. Kiyoyozi kidogo kinaweza kula uniti 5 au zaidi usiku huo, na kwenye nyumba yenye upenu wazi kinapoza uwanja. Feni ya kusimama iwekwe karibu na kitanda, kwa kuwa kitambaa cha chandarua kinazuia sehemu ya upepo. Ni kifaa ninachokipendekeza bila kusita, lakini kiwe cha mwisho, baada ya dari na matundu.

Wapo ambao mambo haya hayawasubiri. Mzee wa miaka 70 anatoka jasho kidogo na anahisi kiu kwa kuchelewa. Mwenye kutumia dawa za presha zile za kukojoza anapoteza maji zaidi. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanapanda joto haraka kuliko wengine. Hawa wapewe chumba kinachopata kusi, hata kama ni cha wageni. Wapewe maji kabla hawajaomba. Na mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mwili ukiwaka moto, aondolewe hapo, amwagiwe maji, apepewe, na awahishwe hospitali wakati kupozwa kunaendelea.

Kwa anayesubiri malipo ya mnada wa msimu huu na hawezi kufanya yote, ningeanza hivi: kitanda kutoka ukuta wa magharibi leo, matundu yenye wavu na dari ya chumba cha watoto pesa ikiingia, bati lenye kutu lipakwe rangi nyeupe kabla ya kiangazi kijacho, maana nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Chokaa nayo inafaa na ni rahisi, ila mvua huiosha na itabidi irudiwe. Na mvua ya kwanza ya Desemba ikilowesha udongo, pandeni mwembe upande wa magharibi, mita 6 au 7 kutoka ukutani, ili msingi usiguswe na matawi yaweze kupunguzwa yasikwaruze bati. Mkorosho usiwekwe hapo. Unatambaa sana, na wataalamu wanautaka umbali wa mita 12 kati ya mti na mti.